Mtani Aliyeomba Radhi

Mwezi uliopita nilimkuta Hilari pale Masasi, nje ya duka la dawa upande wa stendi, amekaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo katikati ya magoti, anamsubiri binti yake ambaye ni muuguzi hapa mjini. Mimi sikumjua. Yeye ndiye aliyenijua, na sijui alinijuaje, maana Saidi aliyemjua chuoni alikuwa na nywele na meno yote. Akaita, "Saidi Kobe!" Nikageuka kama nimechomwa mwiba, kwa sababu jina hilo nilipewa chuoni kwa ajili ya kuandika polepole, na hapa nyumbani hakuna mtu anayelijua, hata marehemu mke wangu hakulijua. Tukakumbatiana, wazee wawili tunanuka dawa ya kuchua. Hilari alistaafu akiwa afisa elimu huko kwao upande wa ziwa, ana nyumba ya bati la rangi, wajukuu wake wanasoma vyuo vikuu. Akaniambia, "Kile chuo, ndugu yangu, ndicho kilichotulea. Walimu walikuwa walimu kweli. Hata chakula kilikuwa kizuri." Hapo kwenye chakula nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha akaniuliza, akitabasamu, "Na yule Mmakonde wetu mcheshi, yule wa nchumali, aliishia wapi?" Binti yake akawa amefika, amesimamisha bodaboda, baba anapandishwa kwa taabu, mimi nikapunga mkono tu. Jibu nililokuwa nalo halikuwa jibu la kumpa mtu aliyeshikilia mabega ya dereva wa bodaboda.

Chuo kilikuwa chini ya majabali. Anayeijua Masasi anajua ninachosema: lile jiwe likishapigwa na jua tangu asubuhi, jioni linakurudishia joto lote kama mwanamke aliyekasirika anavyorudisha vyombo. Sisi tulikuwa chumba cha mwisho, kilicholiangalia jiwe. Vitanda vinne vya chuma, magodoro ya sufi yenye kunguni waliotangulia kuja chuoni kabla yetu, meza moja, kibatari kimoja, na ukutani picha ya Rais tuliyoikuta hapo. Chini ya dirisha palikuwa na handaki. Ndiyo, handaki, maana vita vya Msumbiji vilikuwa vinaendelea, ndege za Mreno zilisikika ng'ambo ya Ruvuma, na kule Newala watu wa bondeni walikuwa wamezoea kulala porini na watoto mgongoni. Sisi wanachuo tulichimba mahandaki kuzunguka mabweni, tukafundishwa mgambo kwa bunduki za mbao, na ndege haikuja hata moja. Mvua ndiyo ilikuja, handaki likajaa maji, vyura wakahamia, basi usiku kucha tulisomewa na vyura. Kuhusu chakula, sijui Hilari alikuwa anakula wapi. Mimi nakumbuka maharage yaliyokuwa na nyama yake humohumo, wadudu weusi wanaoelea juu, unawatoa kwa kijiko, na yule asiyetaka kupoteza muda anakoroga tu na kufumba macho. Siku za Jumamosi tulikwenda porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini, tukaichemsha nyuma ya bweni kwenye debe. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu.

Chumbani tulikuwa mimi, Hilari, Twaha na Anselmi. Twaha alikuwa Myao kama mimi, wa Chiwata, mtu mpole wa kofia ya kushona mkono, anatembea vidole vimeelekea ndani kama njiwa, na kila sentensi yake inaanza na "kwa hakika". Hata akiomba chumvi atasema, "Kwa hakika, nipe chumvi." Anselmi alikuwa Mmakonde wa Newala, kule tambarare inapokatika na kushuka Ruvuma, mwembamba, mwenye chale mbili usoni na sauti kubwa kuliko kifua chake. Sasa, Myao na Mmakonde ni watani, na hili si jambo la kufundishwa, mtu unazaliwa nalo. Asubuhi Anselmi alimwamsha Twaha kwa kumvua shuka. "Amka Myao, msafara unaondoka! Pembe zako za ndovu ziko wapi? Leo mnamuuza nani?" Twaha, macho bado yamefumba, anajibu, "Kwa hakika, nenda kategue mitego yako, mla panya. Wa jana ulinibakishia mkia." Anselmi alikuwa anachukua sabuni ya Twaha bila kuomba, Twaha anavaa viatu vya Anselmi na kuondoka navyo, na mimi nilikuwa napigwa na wote wawili. Kama vile sisi Wayao hatuli panya! Tunawala sana, tena wa kubanika. Lakini utani haujali ukweli.

Hilari alitoka mbali, kwao watani wao ni wengine, na haya ya kwetu yalimtoa jasho. Wiki ya kwanza alikwenda kwa mwalimu wa zamu akasema chumba chetu kina watu watakaotoana roho. Mwalimu wa zamu siku hiyo alikuwa Mwalimu Chipanda, naye ni Mmakonde wa hukohuko Newala, na nasikia alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Akamwambia, "Hao ni watani, mwanangu. Waache." Hilari akarudi amenuna. Baadaye alizoea, akawa anajaribu naye kumtukana Anselmi, kwamba Wamakonde hawawezi hata kutaja msumari, wanasema nchumali. Anselmi alimtazama kwa huruma akamwambia, "Wewe hutukani vizuri. Wewe unasema kweli tu." Kauli hiyo ndiyo ninayoikumbuka mpaka leo.

Kuhusu masomo sitadanganya, mimi mengi yalinipita juu ya kichwa. Nilikuwa na darasa la saba la kubahatisha, nikachukuliwa kwa kuwa nchi ilitaka walimu upesi na vijiji vipya vilikuwa vingi. Wakufunzi walikuwa wa aina mbili. Wapo walioingia na madaftari yao ya zamani, wakasoma, tukaandika, wakatoka, na ukiuliza swali wanakuambia, "Hilo litakuja." Halikuja. Na alikuwapo Mwalimu Chipanda, ambaye alitufundisha namna ya kusimama mbele ya watoto. Alisema mtoto asiyeelewa usimpigie kelele, mkaribie, uongee chini, atakuelewa kwa kukuonea aibu. Mimi huyu mtu nilimpenda kuliko mjomba wangu. Nyumbani kwake tulikwenda Jumapili, mkewe Mama Neema anatupa chai ya tangawizi na muhogo wa kuchoma, na hakuna siku aliyotuuliza tumetokea wapi na kwa nini tuko wengi hivyo. Hilari alikipenda chuo chote, yeye kila kitu kilimwendea, akachaguliwa kiongozi wa wanachuo. Twaha aliwaogopa wakufunzi. Anselmi ndiye aliyekuwa na kipaji. Tulipokwenda mazoezi ya kufundisha, mimi nilisimama mbele ya watoto wa darasa la pili nikasahau jina langu. Anselmi aliingia darasa la jirani, na baada ya kitambo nikasikia watoto wake wanaimba jedwali la saba kwa mdundo wa ngoma ya sindimba, na watoto wangu wananitoroka dirishani kwenda kumsikiliza.

Nieleze na hili, maana bila hilo mtu ataona ni habari ya kijana kufukuzwa chuo tu. Kijiji cha Anselmi kilikuwa kimehamishiwa mahali papya, mbali kidogo na mto, watu wakajenga shule kwa mikono yao, ya miti na udongo, paa la nyasi, mabenchi ya magogo. Mwalimu hakuna. Kila aliyepangiwa kule alifika, akasikia mizinga ya ng'ambo, akaona maji yanafuatwa bondeni kwa safari ya nusu siku, akaugua ghafla akarudi. Ndipo wazee wakasema watatoa mtu wao. Wakamtoa Anselmi. Mara mbili mwaka ule walikuja chuoni wazee wawili na mama mmoja mwenye ndonya, kile kibao cha mdomo wa juu, wamebeba unga wa muhogo kichwani kutoka Newala, wanakaa nje ya bweni na kumtazama anavyoandika. Yule mama ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa anamwita "Mwalimu" kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayeshika yai. Anselmi, ambaye hakumheshimu mtu, mbele yake alikuwa anatazama chini.

Twaha aliugua wakati wa palizi. Alianza na kichwa, tukasema ni jua. Siku iliyofuata shingo ikakaza, hawezi kuinama, mwanga ukawa unamuumiza. Dresa, yule mfunga vidonda wa chuo, alikuwa na kabati la chupa, na katika chupa zote zenye kitu ni mbili, dawa ya zambarau ya vidonda na ile mistura chungu. Akampa mistura. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali kwa mtu mgonjwa, lakini si mbali kwa lori, na chuo kilikuwa na lori. Siku hiyo lori lilikuwa limepeleka kwaya na viti kwenye sherehe ya kufungua kijiji cha ujamaa. Anselmi na mimi tukaenda kwa Mkuu wa Chuo. Alikuwa mtu wa mikoa ya mbali, mwaka wake wa kwanza kwetu, si mtu mbaya, nasema kweli, alikuwa na bustani ya vitunguu aliyoimwagilia mwenyewe jioni, na joto letu lilikuwa linamtesa. Tukamwambia tumpakie Twaha kwenye kitanda cha kamba tumbebe. Akasema, "Mtamuua njiani kwa jua hili. Lori linarudi sasa hivi." Tukarudi tukangoja. Mchana tukaenda tena. "Lori linarudi sasa hivi." Jioni tukaenda, tukamkuta bustanini, akasema hivyohivyo, na nadhani aliamini. Usiku Twaha hakusema tena "kwa hakika". Alfajiri Anselmi hakuomba ruhusa ya mtu, tukakinyanyua kitanda watu sita, Hilari naye akiwa bega moja na mimi, na tulikuwa hata hatujaipita mikorosho ya chuo Anselmi aliposema, "Shusheni." Tukashusha. Akamfunika Twaha uso kwa kofia yake ya kushona mkono.

Mazishi yalikuwa Chiwata, siku ileile. Wanachuo tulikwenda alasiri kwa lori, na Twaha humo, maana sasa lilikuwa limerudi. Anselmi alitangulia kwa miguu, tulipofika tukamkuta kaburini, yeye na vijana wa pale wameshachimba, udongo umemjaa hadi kope. Hiyo ni kazi ya mtani. Kazi yake nyingine mnaijua ninyi mliokulia huku. Mtani ndiye anayekuja msibani kuwafungua watu vifua. Atakamata kuku, atalala kwenye mkeka wa wafiwa, atamwiga marehemu, atasema yale ambayo mfiwa akisema ataonekana mchawi au mchonganishi, na hakuna wa kumgusa. Akishamaliza anafunga njia, mnampa kitu, anapisha, marehemu anazikwa moyo wa watu ukiwa mweupe.

Basi jeneza lilipoinuliwa kutoka uani, wanawake wamejaa kibarazani, Anselmi akatokea nyuma ya nyumba amevaa kofia ya Twaha na kanzu ya Twaha, anatembea vidole vimeelekea ndani. Mama yake Twaha alipiga ukelele, kisha ule ukelele ukageuka kicheko, na machozi yakawa yanatoka humohumo. Anselmi akalala katikati ya njia, mbele ya jeneza. Akasema kwa sauti ya Twaha, "Kwa hakika, nina homa." Akageuka upande wa pili, akaweka mikono kiunoni, kwa sauti nyingine kabisa: "Subiri. Lori linarudi sasa hivi." Akageuka tena. "Kwa hakika, shingo imekaza." "Subiri kijana, namwagilia vitunguu. Lori linarudi sasa hivi." "Kwa hakika, nimekufa." "Safi! Nilikuambia nini? Lori hilo hapo!" Watu walicheka kama maji yaliyovunja kingo. Nilicheka na mimi, nikiwa nimeshika mguu wa jeneza, nikawa nalia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Mkuu alikuwa amefika muda huohuo na mgeni kutoka wilayani, kiongozi wa Chama, wamesimama pembeni ya gari, viatu vimeng'arishwa. Macho ya watu wote yakawageukia. Na hiyo bado ni sawa, ndivyo inavyotakiwa, aliyeguswa anasogea, anatoa kitu, watu wanapiga makofi, yamekwisha, hakuna atakayelikumbuka tena neno lile kama deni juu yake. Mjomba wake Twaha akamwendea Mkuu kwa adabu, akavua kofia. "Mheshimiwa, mtani kakufungia njia wewe. Toa chochote apishe. Hata kiberiti." Mkuu alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya vyura. Alikuwa na kiberiti, nilikiona kimetuna mfukoni mwa shati. Akasema, "Mwondoeni huyo mlevi." Hakuna aliyesogea. Jeneza begani, jua kichwani. Mara ya pili akasema, kwa ukali, na yule mgeni akawa anatazama saa. Mwisho mjomba mwenyewe akatoa kiberiti chake akamtupia Anselmi, ambaye alikipokea, akavua kofia na kanzu, akavikunja vizuri akampa mama yake Twaha, akaja akachukua bega la jeneza. Lakini kiberiti kilikuwa kimetoka mkono usio wa Mkuu.

Wiki iliyofuata tuliitwa ofisini, wakufunzi wamekaa kama mahakama. Nilitumwa na wenzangu niseme, kwa sababu ni Myao, ni mtani wake, na mimi nikasema. "Mkuu, ule ni utani." Akanirukia, "Utani! Mtu amekufa, na wewe unaniambia utani?" "Ndiyo Mkuu, ni utani." "Kwa hiyo unakubali alikuwa anamtania maiti." "Ndiyo." "Na mimi alikuwa ananitania." "Ndiyo Mkuu, lakini siyo…" "Andika hapo," akamwambia karani, "shahidi amekubali." Neno moja, na mimi nilikuwa nalivuta huku yeye analivuta kule. Nilitafuta neno jingine la Kiswahili sikulipata. Sijalipata mpaka leo. Akamgeukia Mwalimu Chipanda. "Wewe ni mwenyeji. Ipo mila ya namna hii?" Nikashusha pumzi, nikasema sasa tumepona. Mwalimu Chipanda aliinamisha kichwa akatazama miwani yake mkononi. Akasema, "Ilikuwepo zamani, Mkuu. Siku hizi watu wameelimika." Mkuu akasema hapa tunajenga taifa, makabila tumeyaacha nyumbani, na mtu anayemdhihaki kiongozi mbele ya Chama wakati nchi inazungukwa na adui, lazima ajulikane ametumwa na nani. Akamuuliza Anselmi kama ana ndugu ng'ambo ya mto. Anselmi akajibu, "Mkuu, kule kwetu nani hana?"

Jumapili tukaenda kwa Mwalimu Chipanda kama kawaida, nadhani miguu ilitupeleka yenyewe. Tukakaa barazani. Ndani tukawasikia, mlango ni wa pazia tu. Mama Neema anasema, "Baba Neema, kwa nini hukusema?" "Ningesema nini?" "Ungesema baba yako alipokufa ni Wayao gani walilala kaburini wakakataa kutoka, na wewe ukacheka hapohapo. Ungesema hilo." Kisha sauti ya Mwalimu, ndogo: "Nyumba hii ni ya serikali, mama. Watoto wako wanalala wapi?" Akatoka na chai mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Chai inamwagikia sahanini. Akamwambia Anselmi, "Mwanangu, nimeongea na Mkuu. Simama mstarini Jumatatu, uombe radhi, yatakwisha." Anselmi hakuishika chai. Akasema, "Mwalimu, wewe ni Mmakonde." "Najua." "Mtani akiomba radhi, basi yalikuwa matusi. Nitakuwa nimemtukana Twaha kweli. Nitakuwa nimemtukana mama yake." "Najua, mwanangu." "Sasa?" Mwalimu akasema, "Mkuu hajui." Akarudia, "Yeye hajui, kwake ni neno tu. Sema tu." Mtu aliyetufundisha kuongea chini ili mtoto akuonee aibu! Na kweli aliongea chini. Na sisi ndio tuliona aibu.

Nadhani Anselmi asingekubali. Lakini wale wazee wa kijijini walikuja, habari zilishawafikia sijui kwa njia gani, na yule mama wa ndonya. Safari hii hawakubeba unga. Walikaa mahali pao nje ya bweni. Wale wanaume walizungumza sana kwa Kimakonde, mimi nilishika neno huku na huku, shule, watoto, paa limeshavuja. Yule mama hakusema kitu mpaka wanainuka. Ndipo akamwambia neno moja, nikamuuliza Anselmi baadaye lina maana gani. Akasema, "Kasema: omba."

Jumatatu mstarini chuo kizima kimesimama, majabali nyuma yetu. Hilari kama kiongozi alikuwa mbele, na ninajua alikuwa na furaha, alikuwa amekimbia huku na huku wiki nzima kulipatanisha jambo, aliniambia, "Leo linakwisha, Kobe." Anselmi akatoka. Ile sauti yake kubwa kuliko kifua haikuwepo. "Naomba radhi kwa niliyoyasema Chiwata." Mkuu akamuuliza, "Uliyasema ukiwa na akili timamu?" "Ndiyo, Mkuu." "Hukulewa?" "Sikulewa." "Na unakiri kwamba yalikuwa matusi?" Nilimwona anatafuta uso katika mistari, sijui wangu, sijui wa Twaha. Mwalimu Chipanda alikuwa anatazama mawe. "Ndiyo, Mkuu," Anselmi akasema. "Yalikuwa matusi." Mkuu akatugeukia, "Mmemsikia wote. Amekiri mwenyewe." Kabla ya chakula cha mchana walimwambia afungashe. Hilari alikimbilia ofisini akatolewa, akarudi bwenini akalia kama mtoto, akamvulia Anselmi shati lake bora akamlazimisha alivae. Hili nalitaja kwa haki yake. Amesahau, lakini alilifanya.

Ile shule ya kijijini kwao haikupata mwalimu mwaka ule wala uliofuata. Nilisikia baadaye wanaweka humo magunia ya korosho. Mimi chuoni nilibaki mpaka likizo, nikiwa nakaa darasani kama mtu anayesubiri gari lisilo lake. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vitupu, na mimi na Hilari tuliongea kwa adabu, habari za asubuhi, nzuri, umelalaje, salama. Nikaenda likizo, mama yangu akaugua, akafa wakati mabibo ya mikorosho yameanza kuanguka, na sikurudi tena chuoni wala hakuna aliyekuja kuniuliza.

Anselmi alikuja kwenye mazishi ya mama. Alitembea kutoka Newala, akashuka genge lile lote, ule ukingo wa tambarare, kwa miguu. Wanawake walimwona tangu mbali kwenye njia ya mikorosho, shangazi akasema, "Mmakonde huyo! Fungeni kuku!" Wakaanza kukimbizana kuficha ndala na vijiko, msiba wote ukapata joto, nyuso zikajiandaa. Nami, ambaye tangu asubuhi kifua kilikuwa kama kimezibwa kwa kizibo, nikasogea kidogo mkekani kumwachia nafasi ya kulala. Alifika, akavua viatu akavipanga. Akaja akapiga goti mbele yangu, akanipa mkono, wa kushoto ameshikia kiwiko. "Pole sana, ndugu Saidi," akasema. "Poleni wafiwa. Kazi ya Mungu haina makosa." Shangazi hakukubali, akamsimamia kichwani: "We mtani, mbona umekaa? Bibi huyu ameondoka akisema Wamakonde wote mnanuka panya!" Watu wakamsubiri. Alimwinulia macho, akatabasamu kama mtu anayesikia lugha aliyowahi kuijua utotoni. "Poleni sana, mama," akasema.

Tukaliinua jeneza. Nilikuwa mbele, bega la kulia. Tulipofika kwenye mlango wa uani miguu yangu ilipunguza mwendo yenyewe, na waliokuwa nyuma yangu nao wakapunguza, tukasimama pale na mama yetu begani, tunaitazama njia. Hakukuwa na mtu. Tukapita.